Geti la Mbele

Kama kulikuwa na mtu mtaani ambaye hakuwa na haja ya kubisha hodi, basi ni fundi wa kufuli. Kibanda chake kilikuwa pembeni ya soko, upana wa kukaa mtu mmoja na nusu, funguo zikining'inia kutoka darini kama mapazia. Upepo ukivuma zilipiga kelele hata wauza nguo wa jirani wakalalamika kwamba zinawafukuzia wateja. Watu walisema kufuli likimwona anakuja linajilegeza lenyewe, kuepuka aibu. Walisema aliwahi kufungua sefu ya tajiri mmoja kwa kuikoholea. Hilo la kukohoa lilikuwa uongo mtupu, alipiga chafya. Jina la utani walilompa, Ufunguo Malaya, yaani ule ufunguo mmoja unaoingia kila kitasa, lilikuwa sifa kubwa sokoni na msiba mkubwa kanisani. Mke wa mchungaji hakuweza kulitamka, akawa anamwita "yule ndugu wa milango."

Sasa mtu huyo huyo, wiki ile, hali wala halali, kwa ajili ya mlango mmoja tu: mlango wa chumba cha mama yake mzazi.

Mama alikuwa dobi wa hospitali kubwa ya mjini, siku hizo hospitali ikiwa na jengo zima la kufulia. Alizeekea kwenye mvuke na mashuka. Jengo lile lilikwisha kuvunjwa zamani, na yeye akahamia kwa mwanawe, na hapo ndipo kumbukumbu zilipoanza kumtoka, moja moja, kama wageni wanaoondoka arusini bila kuaga. Alisahau jina la mkwewe. Alisahau kama amekula. Jambo moja hakulisahau: kila asubuhi, watu wakigeuza tu shingo, alivua mashuka ya vitanda vyote, akayafunga kitita, akakitia kichwani na kutoka.

"Nyumba hii tunalala kwenye godoro tupu kama mahabusu," alisema mke wa fundi, akicheka ili asilie. "Mama, mashuka unayapeleka wapi?"

"Nawe unauliza maswali ya karani," mama alimjibu. "Nipishe, nimechelewa."

Fundi alikuwa amejaribu kufunga. Nani angemshangaa? Alichagua kufuli dogo zuri la shaba, akalitia mlangoni kwa mama, akavuta kigoda na kuketi nje kusikiliza. Hakusikia kelele. Alisikia viganja. Mama alikuwa anaupapasa mlango kwa ndani, kutoka juu kwenda chini, polepole, kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo. Kisha sauti: "Jamani, kuna mtu huko? Mbona leo hakuna mlango?" Fundi aliyefunga maduka ya soko zima alivumilia kidogo, akashindwa, akalifungua lile kufuli na kulitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Kinyozi hajinyoi.

Wiki hiyo mama akafika barabara kuu. Dereva wa lori alimkuta amesimama katikati, magari yakipita mbele na nyuma yake, kitita kichwani, anasubiri kwa adabu apishwe. Dereva alifunga breki hadi shehena ya mabati ikasogea. Alimrudisha mwenyewe hadi kibandani, akamshika fundi bega. "Kaka, safari hii breki zimekubali," alisema. "Sijui ya kesho."

Jioni ile ile dada mkubwa wa fundi akapiga simu kutoka mji wa mbali anakoishi na mumewe. Alikuwa amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee inayotunzwa na kanisa, upande wa pili wa mji anakoishi fundi. Kitanda kimoja tu. Jumamosi asubuhi fundi ampeleke mama, la sivyo kitanda atapewa mwingine.

"Nimeshazungumza na mlezi wa pale," dada alisema. "Mama mmoja mtu mzima, hana mchezo. Sasa sikiliza, mkifika..." Akaanza kueleza njia, kona kwa kona, kama kawaida yake.

Fundi aliitikia "ndiyo dada, sawa dada," lakini masikio yalikuwa yamekwisha kuondoka. Alikuwa anamtazama mama, aliyeketi kwenye mkeka akikunja gazeti la jana, pembe kwa pembe, akilinyoosha kwa kiganja. Akimpeleka, amemtupa mama yake. Akimbakiza, iko siku breki zitakataa.

Akamwendea mkewe jikoni. "Unasemaje?"

"Mimi? Mimi sisemi." Mke aliendelea kuosha sufuria. "Nikisema aende, nitaitwa mkwe mbaya mpaka naingia kaburini. Nikisema abaki, wewe uko kibandani kutwa, na mimi ndiye ninayekimbia barabarani na kanga moja. Huyo ni mama yako, baba. Amua, mimi nitabeba nitakachopewa."

Akamwendea mchungaji. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akaomba kwa sauti nene, kisha akasema maneno yanayosemwa kila mahali penye mchungaji: "Mungu akilitaka jambo hufungua mlango, ndugu yangu. Asipolitaka huufunga. Wewe tazama tu."

Kwa mtu mwingine yeyote hayo yangekuwa maneno ya faraja. Kwa fundi wa kufuli yalikuwa maelezo ya kazi. Alirudi nyumbani amepata nguvu, akapiga magoti kando ya kitanda kisicho na shuka, akaweka mambo wazi kama anavyopatana na mteja. "Bwana, Jumamosi nampeleka mama. Nikikuta geti la mbele la nyumba ile liko wazi, nitajua umesema aingie. Nikikuta limefungwa, nitajua umesema turudi. Sitabisha hodi. Sitauliza mtu. Amina."

Mke wake alikuwa kitandani, macho kwenye dari. "Umemaliza kumpa Mungu masharti?"

"Nimeomba ishara."

"Haya. Na wewe umempa ishara gani kwamba utatii?"

Fundi alizima taa.

Jumamosi alivaa shati lake la kanisani. Zana zote aliziacha kibandani. Alibaki tu na ule waya mwembamba wa mfuko wa shati, anaotembea nao kama wengine wanavyotembea na leso. Mke aliwasindikiza hadi kwenye teksi, akamfunga mama kitambaa vizuri, akataka kumtua kitita cha mashuka. Mama alimtazama jicho moja tu. Kitita kikaingia kwenye teksi.

Njia nzima fundi alikuwa roho juu. Akiwaza geti liko wazi, anaona kitanda cha chuma na mama amelala akimwita mtu asiyekuja. Akiwaza limefungwa, anaona lori. Hakujua aombe lipi. Dereva wa teksi aliuliza kama kiyoyozi kimemzidi, maana abiria anatetemeka. Gari lenyewe halikuwa hata na kioo cha dirisha.

"Bwana msimamizi," mama alimwambia, akimgusa goti, "usiogope. Zamu ya kwanza huwa hivyo."

Wakashuka penye ukuta mrefu wa mawe uliopakwa chokaa. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na miti na paa la bati. Upande huu kulikuwa na barabara, na kwenye barabara kulikuwa na malori, si haba. Teksi ikaondoka. Fundi akamshika mama mkono, akatembea naye mpaka kwenye geti, akainua macho.

Limefungwa.

Si kufungwa kwa mchezo. Mnyororo ulizungushwa mara kadhaa, na juu yake kufuli kubwa kama kobe, la kizamani, kutu imelikamata. Hapakuwa na mlinzi wala kengele. Fundi alivuta pumzi ndefu. Basi. Amesema. Turudi nyumbani. Alisubiri ule utulivu ambao mchungaji huusema, utulivu unaoshuka kama umande. Haukushuka. Kilichoshuka ni jasho. Maana sasa kilichobaki ni ile barabara, na kesho asubuhi, na kesho kutwa.

Alisimama akilitazama kufuli lile, akiwaza mambo hayo, na mawazo yalipokuwa yakienda huko, mikono ilikuwa na yake. Mkono wa kulia ukaingia mfuko wa shati. Wa kushoto ukalipima kufuli uzito, ukaligeuza, ukapuliza vumbi, kama vile mkono una mdomo. Aina hii haitengenezwi tena. Ulimi wake uko upande usioutegemea. Waya ukaingia, ukauliza, ukajibiwa. Kutu ililia kidogo. *Ka.*

Fundi akajikuta ameshika kufuli lililo wazi.

Alilitazama kama mtu aliyeamka na kukuta kuku wa jirani mkononi. "Yesu wangu," alisema. Mungu amefunga. Yeye amefungua. Au je, aliyempa mikono hii hakujua itafanya nini mbele ya kufuli? Kama geti sasa liko wazi, ni wazi la nani? Akaona dawa ni moja: alifunge tena, arudishe neno la Mungu mahali pake. Akabana kufuli. Likakataa. Akalibana kwa goti. Akaligonga ukutani, akalitemea mate, akaliomba msamaha. Kufuli lililokaa limefungwa miaka yote ile lilikuwa limeonja uhuru, halikutaka kusikia habari nyingine. Mtu aliyefungua kila mlango mjini alikuwa anatoa jasho kwa kushindwa kufunga mmoja.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nivumilie kidogo."

Kimya.

Akageuka. Mama hakuwepo.

Kufuli lilimwangukia mguuni, hakusikia maumivu. Alitazama kulia, lori. Kushoto, lori. Alikimbilia ukingo wa barabara akipiga kelele "Mama! Mama!" na wanawake wawili wapita njia wakageuka kumtazama, kila mmoja akijua kwamba si yeye. Kati ya magari alitafuta kitu cheupe. Kila kitu cheupe kilikuwa mfuko wa saruji au bango. Pale, kando ya barabara, akiwa na kiatu kimoja kilichofunguka kamba, aliomba, na kwa mara ya kwanza wiki ile maombi yake hayakuwa na "kama" ndani yake.

"Mshike mkono. Mimi nimeuachia. Mshike wewe."

Hatua chache kutoka getini, kando ya ukuta, kulikuwa na mwanamke anauza mkaa, mbele yake mafungu yamepangwa kwenye makopo. Fundi alimfikia akihema. "Dada, hujaona mama, mtu mzima, ana kitita..."

"Cheupe? Kapita sasa hivi." Muuza mkaa alielekeza kwa kidevu. "Ana adabu, mama yule. Kaniamkia, kaniuliza habari za watoto. Kasema hawezi kukaa, kachelewa kazini."

"Kaelekea wapi?"

"Kafuata ukuta. Na wewe, kaka," alimtazama toka kichwani hadi kile kiatu, "ulikuwa unapigana na geti?"

Fundi alikwisha kuondoka. Alikimbia akifuata ukuta, mkono mmoja ukiparuza chokaa. Ukuta haukwisha, hata ulionekana kurefuka makusudi. Mwishoni ulikunja kona, na nyuma ya kona, mbali na barabara, kulikuwa na kichochoro, na kwenye kichochoro mlango mdogo wa mbao, uko wazi, umezuiwa na tofali usijifunge. Mvuke ulikuwa unatoka. Pamoja na mvuke ilitoka harufu aliyoijua kabla hajajua kusema: sabuni ya mche na kitambaa cha moto.

Na sauti ya mama yake. "Pembe! Nimesema shika pembe, si tumbo la shuka! Nani kakufundisha wewe?"

Alisimama mlangoni. Chumba kilikuwa kirefu, na mabirika ya saruji ya kufulia ukutani na meza moja kubwa katikati. Bibi wawili walikuwa wameketi wakipanga foronya. Katikati alisimama mama, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko, ameshika ncha moja ya shuka. Ncha ya pili ilishikwa na mwanamke mnene mwenye miwani, aproni kiunoni, ambaye alionekana hajawahi kuamrishwa na mtu na anashangaa kuona si vibaya.

"Karibu," alisema mwenye miwani bila kuachia shuka. "Mimi ndiye mlezi wa hapa. Wewe ndiye ndugu wa dada yule wa simu? Mama kakutangulia. Kaingia, kaniuliza pasi ziko wapi."

Fundi alijaribu kusema salamu, kikatoka kilio kidogo ambacho alikigeuza kikohozi. "Geti la mbele," alisema mwisho. "Nimekuta limefungwa."

"Lile? Halifunguki. Ufunguo wake ulipotea kabla mimi sijaletwa hapa. Sisi sote tunapita huku. Dada yako nilimweleza mara tatu, mpite nyuma. Hakukwambia?"

Hapo fundi akaikumbuka simu, na kona zote alizoziitikia "ndiyo dada." Alijisikia mdogo, angeweza kupita kwenye tundu la ufunguo. Akaeleza yote: masharti aliyomwekea Mungu, kufuli, waya, na kwamba sasa geti liko wazi na limegoma kufungwa. Alieleza akitazama sakafu. Wale bibi wa foronya walianza kucheka kabla hajafika kwenye kuligonga ukutani.

Mlezi hakucheka, ila miwani ilipanda na kushuka. "Kwa hiyo ulitaka Mungu aseme nawe kwa geti ambalo hata sisi wenye nyumba hatujui linaendaje."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Mimi nina kitanda. Jibu sina." Akamnyooshea ncha ya shuka. "Shika hapa. Mgongo unaniuma."

Fundi akashika. Upande wa pili mama alimkazia macho, hakumtambua. "Haya, kijana mpya. Vuta. Si kwa hasira. Lete kwangu." Walikutana katikati, pembe kwa pembe, vidole vya mama vikachukua ncha za fundi, vikavu, vya moto. Wakarudi nyuma. Wakakutana tena. Fundi akatazama kitita mama alichokuja nacho: kilikuwa kimefunguliwa mezani, mashuka yake mwenyewe ya nyumbani, yamekunjwa na kuwekwa kwenye rundo la wengine kana kwamba ndiko yalikokuwa yakielekea siku zote. Na hapo ndipo ile njia ya mama ya kwenda barabara kuu, kule nyumbani, ilipomnyookea kichwani. Ng'ambo ya barabara ile, moja kwa moja, ndipo lilipokuwa jengo la kufulia la hospitali. Mama hakuwa anapotea. Alikuwa anakwenda kazini, na kila siku walimrudisha.

"Una mama wewe?" mama aliuliza, akipiga shuka kiganja.

"Ninaye."

"Anajua uko wapi?"

"Anajua."

"Vizuri. Mama hupenda kujua." Wakakunja lingine. Katikati ya la tatu mama alisimama, akamtazama kwa muda, na uso wake ukabadilika kidogo, kama dirisha linapofunguliwa. "We, mwanangu. Mbona umelowa jasho hivyo? Na kiatu hicho?"

"Nilikuwa nakutafuta, mama."

"Mimi niko hapa. Wewe nenda kafungue kibanda, Jumamosi watu wanapoteza funguo sana." Akashusha sauti. "Ila usinifungie, baba. Siku ile sikuona mlango."

"Sifungi, mama. Sifungi tena."

"Haya." Na dirisha likajifunga. "Kijana, pembe!"

Fundi alizungumza na mlezi kando. Aliuliza yote aliyoogopa kuuliza. Usiku mlango huu hufungwa kwa komeo. Mchana uko wazi, mvuke lazima utoke, na mlezi hukaa hapo hapo kizingitini na kikapu cha nguo za kushona. Je, akitoka? Anaweza kutoka, hawajawahi kupoteza mtu, lakini mlezi hataapa. Je, akiulizia nyumbani? Ataulizia, wote huulizia. Fundi alipendekeza kitasa fulani kizuri cha ndani, angekileta bure. Mlezi akamtazama juu ya miwani mpaka akanyamaza.

"Atabaki," fundi alisema. Maneno yalitoka yakiwa na uzito, hayakuwa na umande wowote juu yake. "Kesho baada ya ibada nitakuja. Na kila nikifunga kibanda mapema."

"Njoo na kufuli jipya la geti. Lile umelivunja, sasa ni lako."

Kichochoroni alimpigia mkewe simu. Mke alisikiliza hadithi nzima, akacheka, akapenga kamasi. "Kwa hiyo geti lilisema nini? Ndiyo au hapana?"

"Geti halikusema kitu."

"Na Mungu?"

"Sijui. Mama alifika kabla yangu. Nashika hilo. Naogopa, mama watoto."

"Ogopa huku unakuja. Nimenunua mashuka."

Akaweka simu mfukoni, karibu na waya. Ndani alimsikia mama akimwambia bibi mmoja kwamba foronya ile hata mbuzi hawezi kuilalia. Fundi alitaka kitu kidogo tu cha kuondoka nacho. Akafumba macho. "Bwana, kama akigeuka tu, mara moja, akanitazama, nitajua kwamba..."

Akaishia hapo. Alifumbua macho bila kuchungulia ndani. Mlango ulikuwa umeanza kujirudi kidogo kidogo kwa upepo, ukilisukuma tofali. Fundi wa kufuli aliinama, akalisogeza tofali kwa mikono miwili hadi likakaa imara, akafunga kamba ya kiatu, akaondoka.